Walsi za Chopin: yasemwayo na yaliyo kweli

Kila mpiga piano anapotoa rekodi mpya ya walsi (vipande vya mtindo wa dansi ya mapigo matatu) za Frédéric Chopin, mtunzi wa piano wa Poland wa karne ya 19, maneno yaleyale huibuka. Walsi hizi nazipenda mno, na mengine kati ya maneno hayo yanawanyima wasikilizaji utamu wake.

"Ni muziki wa kuchezea dansi."
Mapigo matatu yapo, lakini si ya ukumbini. Chopin aliishi Vienna mwaka 1830 hadi 1831, mji mzima ukiwa umelewa walsi za Strauss na Lanner, watunzi wa muziki wa dansi, na barua zake kwa watu wa nyumbani zinaonyesha kuwa hakuvutiwa nazo. Sikiliza Opus 34 namba 2 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Inakwenda taratibu, na wimbo unaanzia mkono wa kushoto, kule chini penye sauti nzito kama ya selo, ile fidla kubwa, huku mkono wa kulia ukigusagusa tu. Nani ataichezea hiyo? Katika Opus 42 ndiyo kabisa: wimbo wa mkono wa kulia unahesabika mbilimbili, wa kushoto tatutatu.

"Walsi ya Dakika lazima iishe ndani ya dakika moja."
Jina hilo, kwa Kiingereza "Minute Waltz", Chopin hakulitoa yeye, na neno "minute" humaanisha pia "dogo sana". Wengi huipiga kwa dakika moja na nusu au mbili. Ukiikimbiza, ule wimbo mtulivu wa katikati unapotea.

"Ziko 14 tu."
Mwenyewe alichapisha 8. Alitaka miswada iliyobaki ichomwe, lakini mwaka 1855, miaka 6 baada ya kifo chake, rafiki yake Julian Fontana alichapisha nyingine 5. Zikaendelea kujitokeza. Oktoba 2024, Maktaba ya Morgan, New York, ilitangaza kupatikana kwa walsi nyingine kwenye kikaratasi cha takriban sentimita 10 kwa 13, na mpiga piano wa China, Lang Lang, akairekodi. Haifiki dakika moja na nusu, ila mapema tu ina alama tatu za f, yaani piga kwa nguvu zote, jambo la nadra kwa Chopin.

"Lipatti alishamaliza kazi, wengine wanarudia tu."
Naelewa anayesema hivi. Julai 1950 huko Geneva, mpiga piano wa Romania, Dinu Lipatti, alirekodi walsi 14 akiwa anaumwa saratani. Septemba 16 alizipiga jukwaani Besançon, Ufaransa. Alipofika ya 13 nguvu zikamwishia, ya mwisho akaiacha, akafunga kwa kipande cha mtunzi Bach. Alifariki Desemba 2, akiwa na miaka 33. Rekodi ile bado hunitoa machozi.

Hata hivyo, waliomsikia Chopin walisema kipande kimoja hakukipiga mara mbili kwa namna ileile. Wanafunzi wake aliwaambia mkono wa kushoto ndio kiongozi wa okestra: unashika mapigo, wa kulia unapumua juu yake. Kwa hiyo rekodi mpya ikinifikia, naanza na ile ya taratibu ya Opus 34, naifuata kushoto.