Kabla Hujalipia Makala, Zima Data

Wiki tatu kabla ya mitihani, saa moja jioni, binti wa mwaka wa tatu alisimama mbele ya dawati langu la maktaba ya chuo ameshika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusaidie nini?"

Akanigeuzia simu. Makala aliyokuwa anaitafuta kwa ajili ya utafiti wake wa mnyauko wa migomba ilikuwa imefunguka aya moja tu, na chini yake mchapishaji anadai dola 39.95. Bumu lilikuwa limebaki shilingi elfu kumi na tano, na hapo kuna kula na kutoa kopi.

Nilimuuliza kitu kimoja: uko kwenye waifai ya chuo au kwenye bando lako? Alikuwa kwenye bando. Waifai aliiacha tangu mchana kwa sababu ilikuwa inakwamakwama. Tukazima data, tukaunganisha simu na mtandao wa chuo, tukafungua upya ukurasa uleule. Bei ikawa haipo. Juu kabisa pakatokea jina la chuo chetu, na makala nzima ikashuka kwenye simu. Alinitazama kama mtu aliyerudishiwa pesa iliyopotea.

Nimekuwa mkutubi wa chuo kikuu kwa miaka mingi, na tukio hili naliona karibu kila wiki. Naomba nilieleze vizuri, maana kuna wanafunzi wanahitimu hawajawahi kuligundua.

Mchapishaji wa jarida hakujui wewe. Anachokiona ni anwani ya namba ambayo kifaa chako kinatokea nayo kwenye intaneti. Chuo kinapojiunga na kanzidata ya majarida, yaani hazina ya makala za mtandaoni, kinampa mchapishaji orodha ya anwani zake: ombi lolote likitoka kwenye anwani hizi, mfungulie. Ukitumia bando, ombi lako linatoka kwenye anwani ya kampuni ya simu. Hata kama umekaa katikati ya ukumbi wa maktaba, kitambulisho shingoni, kwa mchapishaji wewe ni mpita njia, naye anakutajia bei ya mpita njia.

Ukiwa mbali na chuo, dawa ipo. Vyuo vingi vina seva ya kati: unaingia kupitia ukurasa wa maktaba kwa namba ya usajili na nywila, seva inakuombea makala kwa jina la chuo, kisha inakukabidhi. Mwanafunzi aliye mafunzoni kwa vitendo Kigoma anasoma kilekile anachosoma mwenzake aliye kampasi. Hapa nina lawama, na nailekeza kwetu wakutubi. Mahali nilipoanzia kazi, huduma hii ilitangazwa kwa karatasi moja iliyobandikwa ubaoni, jua likaifuta maandishi, na hakuna aliyeibadilisha kwa miaka miwili. Huduma ambayo mwanafunzi haijui kwake haipo.

Sehemu kubwa ya hazina hii hatukuinunua hata kwa bei yake halisi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa 6 walianzisha Hinari, ili vyuo na hospitali za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Mwaka uliofuata FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakaja na AGORA ya kilimo, kisha zikafuata za mazingira, za teknolojia na za sheria. Zote leo ziko chini ya mwavuli mmoja, Research4Life. Yule binti wa migomba alikuwa na AGORA tangu siku aliyosajiliwa mwaka wa kwanza.

Tunapenda kupima maktaba kwa jengo, na sibezi majengo. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, inaweza kuketisha watu wapatao 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa kijana anayelala chumba kimoja na wenzake watano, umeme ukikatika mara kwa mara, kiti chenye mwanga na soketi ni jambo kubwa. Ninaona wanavyokuja alfajiri kuwahi viti vya ukutani, penye soketi. Lakini kiti kinamfaa mmoja kwa wakati, na kitabu pia. Mitihani ikikaribia kuna wanaochukua kitabu cha takwimu na kukificha kwenye rafu ya dini ili wenzao wasikipate. Katalogi inasema kipo, rafuni hakionekani. Makala ya kielektroniki haifichiki nyuma ya kitabu kingine, darasa zima linaweza kuifungua kwa dakika ileile. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanakimbilia madesa ya mwaka juzi pale steshenari, wakati nondo zenyewe ziko mikononi mwao.

Kuifikia kanzidata ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuliza vizuri. Nilipokaa na yule binti nikagundua alikuwa anatafuta kwa jina moja la kisayansi, akapata kidogo, akadhani utafiti ni mchache. Bakteria wa mnyauko huu alielezwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye ensete, mmea wa jamii ya migomba, akaitwa Xanthomonas musacearum. Baadaye akaitwa Xanthomonas campestris pv. musacearum, na sasa wataalamu wamemhamishia kwenye Xanthomonas vasicola. Kompyuta haijui kuwa huyu ni bakteria mmoja. Ukiandika jina jipya peke yake, unaacha nje miaka mingi ya kazi iliyoandikwa kwa majina ya zamani. Tuliyaweka yote matatu ndani ya alama za nukuu, tukaweka OR, yaani "au", katikati yake kwa herufi kubwa, kisha tukaongeza ensete. Orodha ikajaa skrini baada ya skrini. Akanyamaza, akaanza kuandika.

Siku hizi limeingia jambo jingine linalonikosesha raha: akili mnemba (AI). Wanafunzi wananiletea orodha ya marejeo niwatafutie, nami natafuta hadi nachoka. Jarida lipo, mwandishi yupo, mwaka unawezekana, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Programu imeiunda kwa kufuata mfano wa marejeo halisi. Mwanafunzi hakukusudia kudanganya, lakini msimamizi wake hataliona hivyo. Kipimo ni chepesi. Makala nyingi za majarida zina namba ya utambulisho, DOI, inayoanza na 10 na nukta. Ibandike kwenye doi.org uone inakupeleka wapi. Ikikataa, au ikifungua makala nyingine kabisa, usiiweke kwenye kazi yako. Isipokuwa na namba, tafuta kichwa chake kwenye tovuti ya jarida lenyewe, toleo kwa toleo. Na kama unapanga marejeo kwa mkono, pakua Zotero. Ni bure, na itakuokolea usiku mzima wa wiki ya mwisho.

Kuna kundi ambalo teknolojia kwao si urahisi tu, ndiyo mlango wenyewe. Wanafunzi wasioona kwetu wanatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Kikwazo chao kikubwa ni vitini. Mhadhiri anapiga picha kurasa za kitabu, anazigeuza PDF, anazituma kwenye kundi la WhatsApp. Kwa mwenye macho ni kurasa, kwa NVDA ni picha tupu, na programu inakaa kimya. Kazi yetu ni kuzipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha kurekebisha makosa mstari kwa mstari. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, umewekwa kwa ajili ya kazi ya namna hii, kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona bila kwenda kumwomba ruhusa kila mwenye hakimiliki.

Muhula uliopita kijana mmoja wa Kiswahili alinilalamikia kuwa tasnifu yake inasomwa kama na mtalii. NVDA ilikuwa imewekwa sauti ya Kiingereza, "ng'ombe" na "nyumba" zikitoka vipandevipande. Tukaingia kwenye mipangilio, tukachagua eSpeak, programu ya kutoa sauti, tukashuka hadi Kiswahili. Sauti ni ya kimashine, haina lafudhi ya Pwani wala ya bara, lakini maneno yalikuwa maneno. Alirudia aya yake ya kwanza mara tatu, kisha akacheka na kusema, "Kumbe hapa nilisahau nukta."