Mzigo wa tope wa mto: maana yake, na kwa nini vipimo vingi huukosa

Mzigo wa tope ni uzito wa udongo ambao mto unaupitisha mahali fulani kwa muda uliotajwa: tani kwa siku, au tani kwa mwaka. Rangi ya maji peke yake haitoshi kuujua. Kijito chekundu chenye maji ya magotini kinaweza kubeba tope kidogo kuliko mto mpana ambao maji yake yamechafuka kiasi tu, kwa kuwa mzigo hutokana na vitu viwili vinavyozidishwa pamoja: wingi wa maji, na kiasi cha tope kilichomo katika kila lita. Kwenye ripoti utakuta neno mashapo. Ni hilo hilo.

Wapangaji wa matumizi ya ardhi huutegemea mzigo huu kwa sababu unajumlisha maelfu ya mashamba madogo ambayo hakuna awezaye kuyapima moja moja. Lakini ni hesabu rahisi kukosewa, na kwa kawaida hukosewa upande mmoja: namba inayoandikwa huwa ndogo kuliko udongo uliopita.

Tuuchukue mto Manafwa, mashariki mwa Uganda. Maji yake hutoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kina mita 4,321. Huko juu, Bududa na wilaya jirani, kahawa ya arabika, migomba, maharagwe na vitunguu hulimwa kwenye miteremko ambayo kwingineko ingeachiwa msitu. Mto ukifika tambarare za Butaleja hulisha skimu ya mpunga ya Doho, yenye takriban hekta 1,000, kisha huungana na Mpologoma kuelekea Ziwa Kyoga. Maji yakiingia kwenye mfereji wa skimu hupunguza kasi, tope hutua, na kina cha mfereji hupungua. Wenye majaruba ya mwisho wa mfereji ndio wa kwanza kukosa maji, hata mwaka ambao mvua imenyesha vya kutosha. Kufukua mfereji kila msimu ni gharama, na gharama hiyo imeanzia mlimani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha mita za ujazo za maji kwa sekunde na miligramu za tope kwa lita, upate gramu kwa sekunde. Ukizidisha tena kwa 0.0864 unapata tani kwa siku. Kwa mfano, mto wakati wa kiangazi unapitisha mita za ujazo 5 kwa sekunde, na kila lita ina miligramu 40 za tope. Hizo ni tani 17 hivi kwa siku. Sasa mvua kubwa inyeshe mlimani, mto upande hadi mita za ujazo 60 kwa sekunde, kila lita iwe na miligramu 3,000, na hali hiyo idumu saa 6 tu. Zitapita karibu tani 3,900. Kwa namba hizi za mfano, saa 6 za mafuriko zimebeba udongo sawa na siku 225 za kiangazi.

Hapo ndipo vipimo vingi huanguka. Mpango wa kuchota sampuli moja kila mwezi, mchana, siku ya kazi, huleta jedwali safi lenye namba 12, na pengine hakuna hata moja iliyochotwa mto ukiwa umejaa. Mvua kubwa za Elgon aghalabu hunyesha alasiri. Maji yanahitaji saa kadhaa kushuka, kwa hiyo kilele cha mafuriko hupita kwenye daraja la kupimia jua likizama au usiku, wakati mtu anayesoma kina cha mto ameshakwenda kwake. Asubuhi anakuta mto umeshuka, anaandika kina cha wastani, na tani zote za usiku hazionekani kwenye daftari. Afadhali kuchota sampuli 30 ndani ya mafuriko matatu kuliko sampuli 30 zilizogawanywa sawasawa mwaka mzima.

Upande wa maji hupimwa kwa ubao wenye alama za sentimita uliofungwa kwenye nguzo ya daraja, unaosomwa asubuhi na jioni, au kwa kifaa kinachorekodi chenyewe kila dakika 15. Lakini kina si wingi wa maji. Ili kukigeuza, upana wa mto hugawanywa vipande, yapata 20, hivi kwamba hakuna kipande kinachopitisha zaidi ya sehemu ya kumi ya maji yote. Katika kila kipande hupimwa kina na kasi. Mahali penye kina kifupi, kasi hupimwa mara moja, kwenye asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina kirefu hupimwa mara mbili, kwenye asilimia 20 na asilimia 80, kisha huchukuliwa wastani. Zoezi hili hurudiwa mto ukiwa chini, katikati na juu, hadi upatikane mchoro wa kusoma wingi wa maji kutoka kwenye kina. Mchoro huo hauna uhai mrefu kwenye mto wa mchanga. Mafuriko moja yakichimba sakafu ya mto, au wachimba mchanga wakiishusha, kina kile kile kinamaanisha maji mengi kuliko mwaka jana.

Upande wa tope, chupa hushushwa kwa mwendo usiobadilika hadi karibu na sakafu na kupandishwa vivyo hivyo, katika sehemu kadhaa za upana wa mto. Ikitoka imejaa hadi shingoni sampuli hiyo imwagwe na irudiwe, kwa maana chupa iliacha kuchota kabla haijamaliza safari. Kuchota kwa ndoo ukingoni ni rahisi na ndiko kunakofanywa sana, ila mchanga mzito husafiri chini na katikati, kwa hiyo ndoo ya ukingoni huleta tope laini tu. Maabara hupima ujazo, huchuja maji kupitia karatasi ya nyuzi za kioo iliyokwisha kupimwa uzito, huikausha kwa nyuzi joto 105, huiacha ipoe ndani ya chombo kisichoingiza unyevu, kisha huipima tena. Makosa ya kawaida ni mawili. Karatasi hupimwa ikiwa bado ya moto, na mzani huyumba. Au sampuli nzito ya mafuriko huziba karatasi, fundi akaamua kumimina sehemu ndogo tu baada ya kutikisa. Mchanga hutua chini ya chupa wakati anamimina, na kinachopimwa si kile kilichotoka mtoni. Sampuli kama hiyo ni heri ikaushwe yote kwa kuvukiza maji.

Vipo vihisi vinavyopima kwa mwanga jinsi maji yalivyochafuka, usiku na mchana. Vinasaidia sana kwa tatizo la usiku, lakini havipimi uzito. Lazima vilinganishwe na chupa za mto huo huo, kwa sababu udongo mfinyanzi huzuia mwanga zaidi kuliko mchanga wa uzito ule ule. Ute hujijenga kwenye vioo vyake ndani ya siku chache. Na kila kihisi kina ukomo: ukiona mchoro wa mafuriko una kilele kilichonyooka kama meza, kihisi kiliishiwa uwezo, na mzigo halisi uko juu ya mstari huo.

Jambo jingine linalowachanganya hata waliosomea: kina kimoja kinaweza kuwa na tope la viwango viwili. Mto unapopanda huzoa udongo uliolegea barabarani, kwenye njia za miguu na mashambani. Unaposhuka, ule wa karibu umeshaisha, na maji ya kina kile kile huwa mepesi. Ukichota wakati wa kushuka tu, ambao ndio salama zaidi kusimama darajani, utakadiria chini tena. Zaidi ya hayo, mchanga na mawe yanayoburuzwa kwenye sakafu hayaingii kwenye chupa kabisa, na katika mito ya milimani sehemu hiyo si ya kupuuza.

Tuseme sasa namba imepatikana vizuri. Watu hukimbilia kugawa tani kwa hekta za bonde, yaani eneo lote linalomwaga maji yake mtoni, na kusema kila shamba limepoteza kiasi hicho. Sivyo. Udongo mwingi unaong'oka shambani hautoki nje ya bonde mwaka huo huo: hutua chini ya mteremko, kwenye uzio wa nyasi, katika mafunjo ya kinamasi. Bonde likiwa kubwa zaidi, sehemu inayofika kwenye kituo cha kupimia huwa ndogo zaidi. Iwapo ni moja ya tano tu inayofika, tani 4 kwa hekta zilizopimwa darajani zinatokana na tani 20 zilizong'oka juu. Kwa udongo wenye uzito wa tani 1.2 kwa mita ya ujazo, milimita moja ya udongo juu ya hekta ni tani 12. Tani 20 basi hazifiki milimita 2 kwa mwaka. Mkulima haoni kwa macho, lakini tabaka lenye mbolea huondoka.

Swali zito zaidi ni tope limetoka wapi. Elgon si mmomonyoko wa mashamba pekee. Machi 1, 2010, mteremko wa Nametsi wilayani Bududa uliporomoka na kuua mamia ya watu. Oktoba 11, 2018, udongo na mawe ya Bukalasi, wilayani humo humo, viliingia mtoni na kuyapiga makazi yaliyo chini. Poromoko moja huweza kumwaga mtoni udongo mwingi kuliko mashamba yote ya kaunti ndogo. Watafiti hutofautisha vyanzo kwa kulinganisha tope la mtoni na sampuli za shambani, za barabarani, za kingo na za makovu ya maporomoko. Udongo wa juu una mboji nyingi, ule wa chini hauna. Zamani za majaribio ya mabomu ya nyuklia, miaka ya 1950 na 1960, mabaki ya mionzi yaitwayo sizi-137 (cesium) yalianguka kutoka angani na kushika kwenye udongo wa juu, kwa hiyo hutumika kama alama. Karibu na ikweta yalianguka kidogo, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 30, kwa hiyo Uganda alama hiyo ni hafifu na haifai kutegemewa peke yake.

Chanzo kikijulikana, dawa hubadilika. Kwa shamba la mteremko wa wastani, fanya juu bado ni njia nzuri: mtaro wa sentimita 60 kwa 60 uchimbwe kwa kufuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja unaokata mteremko, udongo utupwe upande wa juu, juu ya tuta ipandwe nyasi ya tembo. Kwenye mteremko wa asilimia 20, nafasi kati ya mitaro ni takriban mita 10. Mstari upimwe kwa fremu ya umbo la A yenye kamba na jiwe. Mtaro uliopimwa kwa jicho hukusanya maji mahali pamoja, tuta hupasuka, na korongo jipya huanza hapo hapo. Lakini kwenye miteremko mikali yenye mfinyanzi mnene, mitaro inayohifadhi maji ni hatari. Maji huzama, uzito huongezeka, mshiko wa udongo hulegea, na kazi iliyokusudiwa kuzuia mmomonyoko husaidia mlima kuporomoka. Huko mtaro uelekezwe kwa mwinamo mdogo, sentimita 50 kwa kila mita 100, utoe maji hadi njia yenye nyasi au mawe, na ardhi ipewe miti yenye mizizi ya kina.

Kingo za mto zina kanuni yake: tangu mwaka 2000 Uganda hutaka ukanda wa mita 100 usiolimwa kando ya mito iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mingine. Kwenye ploti ya nusu eka, mita 30 zinaweza kumeza sehemu kubwa ya shamba, kwa hiyo utekelezaji ni mgumu kuliko uandishi.

Baada ya mitaro na miti, mzigo darajani hautashuka mara moja. Tope la miaka iliyopita limelala kwenye sakafu na kingo, na kila mafuriko hulizoa tena kwa miaka kadhaa. Mradi wa miaka 3 unaopima mdomoni mwa bonde pekee unaweza kufungwa ukisema haukufaulu. Ndiyo maana vituo vya kupimia huwekwa pia juu, kwenye vijito vya kilomita chache za mraba: kimoja ambako kazi imefanyika na kingine jirani ambako haijafanyika, vyote viwili vipimwe angalau misimu miwili ya mvua kabla jembe la kwanza halijapigwa.