ECG haipitishi stima moyoni

Kwenye mabenchi ya kliniki za Kisumu, iwe ni hospitali ya Jaramogi (wengi bado tunapaita Russia) au mtaani Kondele, hukosi wa kukunong'oneza kwamba mashine ya ECG, ile ya kupima mapigo ya moyo, hupiga moyo shoti. Si kweli. Watu huichanganya na ile ya kustua moyo, wanayoiona kwenye filamu. ECG husoma tu. Moyo wako wenyewe huzalisha umeme kila unapopiga, kidogo mno, takriban milivolti 1 ukifika kwenye ngozi, nayo mashine huuchora kwenye karatasi. Mwanasayansi Mholanzi Willem Einthoven alituzwa Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo.

Utavua shati, ulale chali, ubandikwe vibandiko 10: 6 kifuani, 4 mikononi na miguuni. Kuvibandua huvuta vinyweleo. Maumivu ndiyo hayo.

Kinachoweza kuvuruga kipimo ni hofu yenyewe: moyo hukimbia, na ukitetemeka mistari huchafuka. Kwa hiyo fika mapema, keti, shusha pumzi polepole. Mwambie anayekupima, "Dada, nina wasiwasi." Ameshayasikia hayo, atakupa muda utulie. Dawa zako za presha usiache kumeza kwa kujiamulia. Muulize daktari kwanza.