Adolf Furtwängler na taji la dhahabu la Louvre

Mwaka 1896 makumbusho ya Louvre, Paris, yalinunua taji la dhahabu kwa faranga 200,000. Maandishi ya Kigiriki juu yake yalisema ni zawadi ya watu wa Olbia, mji wa kale kando ya Bahari Nyeusi, kwa mfalme Saitapharnes. Wafaransa wakajivunia. Mjerumani mmoja akasema ni la kughushi.

Ndiye Adolf Furtwängler, mwanaakiolojia mzaliwa wa Freiburg (1853). Alidai kwamba mtindo wa mapambo haukuafiki enzi ya mfalme huyo, na dhahabu yenyewe haikuonyesha uzee. Kwa uhasama wa mataifa hayo mawili wakati ule, ilikuwa rahisi kumwona hasidi. Mwaka 1903 sonara Israel Rouchomovsky akafunga safari kutoka Odessa hadi Paris kusema kazi ni yake; waliomwagiza walimwambia ni zawadi ya kumpa rafiki yao. Hakusadikiwa mpaka alipofua upya sehemu ya taji.

Jicho la Furtwängler lilinolewa na vitu visivyo na mvuto. Katika uchimbaji wa Olympia, Ugiriki, alishughulikia vitu vidogo vya shaba nyeusi. Pamoja na mwanaakiolojia mwenzake Georg Loeschcke akachapisha vyungu vya Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, na mwaka 1885 akatoa orodha ya vyombo zaidi ya 4,000 vya makumbusho ya Berlin, kimoja kimoja. (Aliyewahi kuandika orodha ya stoo ya makumbusho anaijua adha yake.) Kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, hakina bei, na hiyo ndiyo salama yake: dhahabu huyeyushwa ikawa kitu kingine, kigae hutupwa kikabaki pale pale. Na kwa kuwa mitindo ya kufinyanga na kuchora hubadilika, vigae humwambia mchimbaji tabaka lipi la udongo lilitangulia lipi.

Kwa jicho hilo hilo alioanisha kichwa cha marumaru kilichokuwa Bologna na kiwiliwili kilichokuwa Dresden. Nakala ya plasta ya kichwa ilipojaribiwa juu ya kiwiliwili, ikakaa barabara. Akatangaza kwamba hiyo ni nakala ya Kirumi ya Athena wa Lemnos, sanamu ya mungu wa kike Athena iliyochongwa na Mgiriki maarufu Phidias katika karne ya 5 KK. Wapo wanaopinga hadi leo. Mimi kichwa na kiwiliwili nakubali ni vya sanamu moja. Jina la Phidias nalipokea kwa tahadhari, maana Furtwängler alikuwa mwepesi mno wa kumpa kila sanamu nzuri baba maarufu.

Tangu 1894 alifundisha München, Ujerumani, mji wenye sanamu zilizotolewa mwaka 1811 kwenye hekalu la kisiwa cha Aegina, Ugiriki. Mwaka 1901 akaenda kuchimba hekalu lenyewe, ambalo wataalamu walikuwa wakibishana kama ni la Zeus au la Athena. Maandishi yaliyochimbuliwa yalimtaja mungu wa kike wa kisiwani hapo, Aphaia. Aliendelea kurudi Aegina hadi 1907, alipougua kuhara damu akafia Athens, akiwa na miaka 54.