Dola mlangoni mwa nyumba ya ibada

Kazi yangu ni kesi za katiba hapa Pwani, na swali ninaloulizwa zaidi na maimamu na wachungaji ni moja: serikali inaruhusiwa kufika wapi? Wengi hudhani Katiba ya Kenya ya 2010 imeifungia nje kabisa. Haikufanya hivyo. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani, pamoja na haki ya kuabudu na kufundisha akiwa peke yake au na wenzake. Lakini soma Kifungu cha 25, chenye orodha ya haki zisizopunguzwa kamwe, kama vile kutoteswa na kupata kesi ya haki. Dini haimo. Inaweza kuwekewa mipaka, na mipaka hiyo hupimwa kwa Kifungu cha 24: iwe imewekwa na sheria, iwe na sababu ya maana, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile.

Kwenye sharti hilo la mwisho ndipo serikali huangukia pua.

Chukua Masjid Musa, Majengo, Mombasa. Hoja ya usalama ilikuwepo, tusidanganyane. Wahubiri waliohusishwa na al-Shabaab walipata hadhira pale, na vijana wakafikia kuubadilisha jina wakauita Masjid Shuhadaa, yaani msikiti wa wafia dini. Februari 2, 2014 polisi waliuvamia vijana wakiwa mkutanoni, mabuti juu ya mazulia, wakakamata zaidi ya watu 100, watoto wakiwemo. Novemba wakarudi, safari hii pamoja na msikiti wa Sakina, kisha Swafaa na Minaa. Polisi walisema wamekuta maguruneti. Mamia wakatiwa mbaroni, na misikiti yote minne ikafungwa kwa muda.

Sasa pima. Kama kuna taarifa za guruneti, basi mtafute aliyelileta. Huyo ana jina, ana simu, ana watu anaokutana nao, na hakimu anaweza kutoa hati ya kumsaka yeye. Mzee aliyezoea kuswali adhuhuri pale hana habari na guruneti, lakini ndiye aliyekuta mlango umefungwa. Na faida ya kiusalama? Novemba 22 al-Shabaab waliteka basi karibu na Mandera, wakawaua abiria 28 wasio Waislamu, wakatangaza kwamba ni kisasi cha misikiti ya Mombasa. Unyama ule hauna utetezi wowote. Ila magaidi walipewa kisingizio cha bure.

Desemba mwaka huo Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama huku wabunge wakimwagiana maji. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8. Kifungu cha 12D cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, kilichoingizwa na marekebisho hayo, hakikuwa miongoni mwake. Kinamtia hatiani anayeshika au kueneza imani kali kwa lengo la kuwezesha ukatili ili kuleta mabadiliko ya kisiasa, kidini au kijamii. Kifungo ni hadi miaka 30. Kueneza naelewa: kuna darsa, kuna video, kuna mashahidi. Lakini kushika imani utakuthibitisha vipi, kama si kwa vitabu vya rafuni na vitu alivyotumiwa mtu kwenye WhatsApp? Kinachokinusuru kifungu hiki ni lile sharti la lengo la ukatili, na wakili asiyeling'ang'ania mbele ya hakimu amemtupa mteja wake.

Shakahola, msitu wa Kilifi ambako waumini walifunga hadi kufa, ni habari ya kinyume: hapo dola ilichelewa. Mchungaji Paul Mackenzie alishakamatwa Malindi mwaka 2017 kuhusiana na watoto waliokatazwa shule. Machi 2023 akakamatwa tena kwa vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwezi uliofuata ufukuaji ukaanza, na miili ikapita 400. Amekana mashtaka na mahakama itaamua. Ninachosema mimi ni kwamba hapa hapakuhitajika kupima imani ya mtu yeyote. Kumnyima mtoto chakula hadi afe ni kosa, hata kama aliyefanya hivyo ana aya mkononi. Sheria zilikuwepo muda wote.

Ndiyo maana sishawishiki na dawa inayotolewa kila baada ya balaa: usajili na vyeti. Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alileta kanuni za kuwataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia. Makanisa na Waislamu wakazikataa kwa sauti moja, na mapema 2016 Rais Kenyatta akazisimamisha. Baada ya Shakahola, jopokazi la serikali lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilikabidhi ripoti Julai 2024, na wazo la sheria mpya ya mashirika ya dini likarudi mezani. Rwanda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018: sheria ikadai shahada kwa viongozi wa dini, na maelfu ya makanisa yakafungwa. Shahada haimzuii mtu kuhubiri watu wafunge hadi kufa, na ustadhi wa chuo cha mtaani asiye na cheti si hatari kwa yeyote.

Mambo mawili ningeyaunga mkono. Hesabu za sadaka zikaguliwe. Na afisa wa watoto awe na mamlaka, tena awe na gari, ya kufika popote watoto wanapolala, iwe madrasa ya bweni au kambi ya maombi. Gari nalitaja kwa makusudi: ofisi ziko Malindi mjini, Shakahola iko ndani porini.