Je, wajua? Gari kutulia ukichomoa sensa ya hewa si ushahidi kwamba sensa imekufa

Kwa miaka kadhaa niliamini kipimo ambacho utakisikia gereji nyingi za Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Buhongwa: gari likimisi na sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) ikipanda na kushuka, chomoa soketi ya sensa ya hewa. Likitulia, sensa imekufa, katafute nyingine. Nilifanya hivyo kwa Subaru Impreza yangu ya mwaka 1998 yenye turbo, ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini. Ikatulia. Nikanunua sensa ya mtumba, nikaifunga, na nilipoanza kupanda kilima cha Bugando gari likakohoa vilevile.

Sikuwa naelewa kazi ya kile kidude. Nilidhani kinapima kasi ya hewa inayoingia, kumbe kinapima uzito wake. Anayenunua dagaa Mwaloni pale Kirumba anaijua tofauti hiyo: ndoo mbili zinalingana kwa macho, lakini iliyoshindiliwa ina kilo nyingi zaidi. Injini huvuta hewa kwa ndoo, ila petroli huungua kwa kilo, takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Na ndoo ya Mwanza haijashindiliwa. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu ya ule wa Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Kompyuta ya gari, inayoamua petroli kiasi gani imwagwe, ikihesabu ndoo tu, itamwaga petroli ya Dar kwenye hewa ya Mwanza.

Sensa za miaka ya 1970 zilikuwa na kibao kinachosukumwa na hewa. Mitsubishi walitumia nyingine zilizohesabu visulisuli vidogo vya hewa. Ile ya Subaru na Nissan nyingi za turbo za miaka ya 1990 hufanya kazi kwa joto, na hiyo ndiyo inayonistaajabisha hadi leo.

Bandika sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa nje, ufukweni, upepo wa ziwa ukiwa unavuma. Sharti ni moja: joto la maji lisibadilike. Upepo ukizidi, sufuria inapoa, nawe unaongeza mkaa. Ukipungua, unatoa. Mwisho wa siku, mtu akihesabu mkaa wako atajua hewa kiasi gani ilipita pale, hata kama hakuwapo. Hewa nzito huondoka na joto jingi kuliko hewa nyepesi yenye kasi ileile, kwa hiyo hesabu ya mkaa inabeba uzito ndani yake. Kwenye bomba la gari, sufuria ni waya wa platini mwembamba kama unywele, unaopashwa ubaki juu ya joto la hewa kwa nyuzi 100 hivi. Mkaa ni umeme. Kompyuta husoma umeme huo kama volti, kati ya 0 na 5.

Sasa ipake sufuria ile tope zito. Joto halitoki upesi, mkaa unatumika kidogo, na anayehesabu atasema leo hakukuwa na upepo. Hivyo ndivyo waya mchafu unavyodanganya: mara nyingi, ukikanyaga mafuta, unataja hewa kidogo kuliko iliyopita, petroli inapungua, gari linakosa nguvu. Baadhi ya sensa za Bosch za zamani zilijisafisha zenyewe: ukizima injini, waya uliwaka kwa sekunde moja hivi hadi karibu nyuzi 1,000 kuteketeza uchafu.

Turudi kwenye soketi. Ukiichomoa, kompyuta haina mizani tena. Inakisia kwa kuangalia umekanyaga kiasi gani na injini inazunguka vipi, na makisio hayo mara nyingi huwa na petroli ya kutosha na ziada. Ndiyo maana sensa mbovu ikichomolewa, gari hutulia. Lakini mpira unaopeleka hewa kwenye injini ukipasuka baada ya sensa, kuna hewa inayoingia bila kupimwa, petroli haitoshi, gari linamisi. Chomoa soketi, ile ziada inaziba pengo, na gari hutulia pia. Magonjwa mawili, nafuu ileile. Kwenye Nissan nyingi hata nafuu yenyewe ina ukomo, maana injini haivuki mizunguko 2,400 hivi kwa dakika.

Fundi aliyenisaidia hakugusa sensa. Alishika mpira unaotoka kwenye ea klina, akaukunjua mikunjo yake upande wa chini, mpasuko wa urefu wa kidole ukafunguka. "Kaka, mizani yako nzima. Mzigo unapitia uani."

Ukiwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tazama kompyuta inaongeza petroli kiasi gani. Nyongeza kubwa kwenye sailensa inayopungua ukipandisha resi huashiria hewa inayovuja kuingia. Nyongeza inayokua kadiri unavyokanyaga huashiria waya mchafu. Tahadhari: mpasuko ulio kabla ya turbo, kama wangu, unaweza kuigiza waya mchafu, kwa hiyo vidole na tochi vitangulie. Na valvu ya turbo inayotoa ule mlio wa "pshh" nje humwaga hewa iliyokwisha kupimwa. Moshi mweusi au kuzima unapoachia mafuta kunaweza kutokana nayo.

Waya safisha kwa spreyi yake maalumu, sensa ikiwa imepoa, bila kuugusa na bila kuupuliza kwa kompresa. Ukauke ndipo ufunge.

Ukilazimika kununua ya mtumba, linganisha namba zote zilizochapwa juu yake, si umbo la soketi. Kila aina ina hesabu yake ya volti. Bomba nalo ni sehemu ya mizani, kwa kuwa waya huonja hewa kidogo tu inayopita. Sensa ya bomba la milimita 70 ukiihamishia kwenye la milimita 80, njia inapanuka kwa asilimia 30 hivi, na kompyuta haitajua hadi ipangwe upya. Ile ya Nissan 300ZX inayopendwa kwa injini zilizoongezwa nguvu nayo hudai kupangwa hivyo.