Kuchagua programu ya kusimamia miradi wakati kamati haina uhakika

Kamati nyingi zinazopewa kazi hii huanza na jedwali. Programu zinaorodheshwa upande mmoja, vigezo upande wa pili, na kila mjumbe anajaza alama kuanzia 1 hadi 10. Alama zinajumlishwa na programu yenye jumla kubwa inanunuliwa. Kasoro ya jedwali hilo ni kwamba 7 ya mtu aliyeitazama programu kwa nusu saa ina nguvu sawa na 7 ya mtu aliyeitumia mwaka mzima. Shaka ya yule wa kwanza imefutwa kabla hesabu haijaanza, na itajitokeza tena baada ya mkataba kusainiwa. Tunachoshauri ni kuibeba shaka hiyo ndani ya hesabu hadi mwisho, kisha kuangalia kama programu inayoongoza bado inaongoza.

Kabla ya alama yoyote, tenganisheni mambo ya lazima na mambo ya kupendelea. Alama zinapojumlishwa, ubora wa upande mmoja hufidia udhaifu wa upande mwingine. Programu nzuri sana machoni lakini isiyoweza kutoa data zenu nje inaweza kushinda kwa sababu sura yake imefidia upungufu huo. Kwa hiyo mambo ya lazima hayapewi alama: programu inayo au haina, na isiyonayo inaondoka. Kwa kawaida orodha hii ni fupi: kutoa data zote nje, kudhibiti nani anaona nini, kuonyesha kazi ipi inategemea ipi, na kutimiza sheria za ulinzi wa taarifa zinazowahusu. Zikibaki programu tatu au nne, inatosha.

Kuhusu wajumbe, watu 5 hadi 9 wanatosha, lakini angalau nusu yao wawe wale watakaoingiza taarifa kila siku. Kamati ya wakuu wa idara peke yao hupenda programu yenye ripoti za kuvutia, kwa kuwa ripoti ndiyo wanayoiona. Anayesasisha kazi kumi kila jioni huona kitu tofauti kabisa: mibofyo sita pale ambapo miwili ingetosha. Akichoka ataacha kusasisha, na ile ripoti ya kuvutia itakuwa inaonyesha hali ya wiki tatu zilizopita.

Halafu kuna suala la namna ya kukusanya maoni. Mkuu akisema kwanza, wengine humfuata, hata wale wenye ushahidi wa kinyume. Kila mjumbe ajaze tathmini yake peke yake, kwa siri, kabla ya mjadala wowote. Mwezeshaji asiye na upande azikusanye na kurudisha kwa wote majibu bila majina, pamoja na sababu za waliotoa majibu ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kisha kila mmoja ajaze upya. Huu ndio msingi wa mbinu ya Delphi, iliyobuniwa katika taasisi ya RAND ya Marekani katika miaka ya 1950. Duru mbili au tatu zinatosha. Zikizidi, watu huanza kukubaliana kwa sababu wamechoka.

Kwa nini msipige kura tu? Chukueni wajumbe watatu. Wa kwanza anapanga A, B, C. Wa pili B, C, A. Wa tatu C, A, B. Wengi wanapendelea A kuliko B, wengi wanapendelea B kuliko C, na wengi pia wanapendelea C kuliko A. Mshindi atategemea ni jozi ipi imepigiwa kura kwanza. Condorcet, mwanahisabati wa Ufaransa, alilionyesha jambo hili mwaka 1785, na bado linazikwamisha kamati zenye nia njema.

Maneno badala ya namba moja

Mjumbe asiye na uhakika huona rahisi kusema "nzuri" kuliko kuchagua kati ya 6.5 na 7. Mwaka 1965 mwanasayansi Lotfi Zadeh alichapisha nadharia ya seti zenye mipaka isiyo wazi, na kutokana nayo neno moja linaweza kuwakilishwa kwa namba tatu: ya chini kabisa, inayoelekea zaidi kuwa kweli na ya juu kabisa. Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri:

dhaifu: 0, 1, 3
hafifu: 1, 3, 5
wastani: 3, 5, 7
nzuri: 5, 7, 9
nzuri sana: 7, 9, 10

Tuseme wajumbe watano wanapima urahisi wa kutumia. Kwa programu B, watatu wamesema nzuri, mmoja wastani, mmoja nzuri sana. Tafuteni wastani wa kila namba peke yake: chini 25 ÷ 5 = 5, katikati 35 ÷ 5 = 7, juu 44 ÷ 5 = 8.8. Jibu la B ni 5, 7, 8.8. Kwa programu A, wawili wamesema nzuri sana, wawili hafifu, mmoja nzuri. Mkikokotoa mnapata 4.2, 6.2, 7.8.

Sasa tazameni vizuri. Upana wa A, kutoka chini hadi juu, ni 3.6. Wa B ni 3.8. Kwa hesabu hiyo A inaonekana kuwa na uhakika zaidi, ilhali ndiyo iliyowagawa wajumbe vibaya! Wastani umemeza ugomvi. Namba tatu zinabeba shaka iliyomo ndani ya neno la kila mtu, lakini hazibebi mgawanyiko kati ya watu. Kwa hiyo kando ya kila jibu andikeni pia neno la chini na la juu lililotajwa: kwa A ni hafifu hadi nzuri sana, kwa B ni wastani hadi nzuri sana. Popote penye pengo la hatua tatu, msikokotoe kwanza. Ulizeni. Mara nyingi mtakuta wawili walijaribu kwenye kompyuta na wawili kwenye simu, na kila upande umesema kweli.

Shaka ya aina hiyo huondolewa kwa majaribio. Chukueni mradi wa kweli, muuendeshe wiki mbili hadi nne kwenye kila programu iliyobaki, na mfanye mambo yaleyale kila mahali. Sogezeni kazi moja mbele kwa siku tatu, mwone kama kazi zinazoitegemea zinasogea zenyewe au zinabaki pale pale. Mpeni mtu mmoja kazi mbili za siku moja, mwone kama programu inatoa onyo. Mwisho hamisheni mradi wote nje kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na mlifungue. Mara nyingi majina ya kazi na tarehe yatakuwemo, lakini viambatisho, maoni na utegemezi wa kazi havitakuwemo. Ni heri kulijua hilo sasa.

Shaka nyingine haiondolewi na majaribio, kwa mfano idadi ya watumiaji miaka mitatu ijayo. Hapa tumieni makadirio matatu, kama wapangaji wa miradi wanavyofanya katika mbinu ya PERT: la chini, mara nne ya linaloelekea zaidi, na la juu, jumla igawanywe kwa 6. Kama ni 30, 40 na 80, mnapata 270 ÷ 6 = 45. Kokotoeni gharama kwa 45, kisha kwa 80 pia, kwa sababu programu inayotoza kwa kila mtumiaji inaweza kuwa nafuu kwa watu 45 na ghali kuliko zote kwa watu 80. Jumlisheni pia uhamishaji wa data za zamani, mafunzo na muda wa msimamizi wa mfumo. Bei ya leseni peke yake hupotosha.

Uzito wa vigezo

Vigezo havilingani, na hapa ndipo kamati huvutana zaidi. Njia iliyozoeleka ni kulinganisha viwili viwili kwa kipimo cha 1 (uzito sawa) hadi 9 (kimoja kinakizidi kingine mno), kama alivyopendekeza mwanahisabati Thomas Saaty katika miaka ya 1970. Vigezo 5 vinahitaji ulinganisho 10. Vigezo 10 vinahitaji 45, na ukifika wa thelathini watu hujaza ilimradi. Bakini na 5 hadi 7.

Majibu yakaguliwe kama yanaendana. Mjumbe akisema ratiba ina uzito mara 3 ya gharama, na gharama mara 2 ya usalama, tunatarajia ratiba iwe karibu mara 6 ya usalama. Akiandika 2, kipimo cha Saaty cha kutoendana (0 ni kuendana kabisa) kinatoka 0.12, juu ya kikomo cha 0.10, naye arudishiwe fomu ajifikirie. Akiandika 4, kinashuka hadi 0.02 hivi, na hapo hakuna shida. Msimsahihishie.

Kuunganisha ulinganisho wa wajumbe, tumieni wastani wa kijiometri: zidisheni majibu yote, kisha mtafute kipeuo cha pili kama wajumbe ni wawili, cha tatu kama ni watatu, na kuendelea. Mmoja akisema 4 na mwenzake robo, maana yake wanapingana kwa nguvu sawa, na jibu la haki ni 1. Wastani wa kawaida ungetoa 2.125, yaani ungempendelea mmoja wao bila sababu yoyote.

Kumjaribu anayeongoza

Tuseme uzito umetoka hivi: ratiba 0.30, urahisi 0.25, gharama 0.20, kuungana na mifumo iliyopo 0.15, usalama 0.10. Kwa alama za katikati, A inaizidi B kwa 2 kwenye ratiba na 1 kwenye usalama, inapitwa kwa 0.8 kwenye urahisi na 1 kwenye gharama, na zinalingana kwenye kuungana. Jumla: 0.6 + 0.1 − 0.2 − 0.2 = 0.3. A inaongoza.

Hamisheni 0.10 kutoka kwenye ratiba kwenda kwenye gharama. Jumla inakuwa 0.4 + 0.1 − 0.2 − 0.3 = 0. Uongozi umekwisha. Sasa rudini kwenye fomu za wajumbe: kama uzito waliompa kigezo cha ratiba, mmoja mmoja, unaanzia 0.18 hadi 0.42, basi kutofautiana kwao ni kukubwa kuliko nafasi aliyonayo mshindi. Rudieni hesabu kwa alama za chini za A na za juu za B, kisha kinyume chake. Programu inayoongoza katika majaribio karibu yote inunuliwe bila wasiwasi.

Zikiwa zinapokezana, msitafute desimali ya tatu. Kwa kipimo chenu zinalingana, na uamuzi uhamie kwenye swali jingine: ipi ni rahisi kuiacha tukikosea? Chagueni ile iliyotoa data kamili zaidi siku ya majaribio, sainini mkataba wa mwaka mmoja badala ya mitatu, na katika muhtasari wa kikao andikeni uzito uliotumika, wajumbe walipogawanyika, na hali itakayofungua upya mjadala, kwa mfano watumiaji wakivuka 60 au bei ikipanda kwa zaidi ya asilimia 20.